Mlango wa Paka wa Zulaika

Zulaika alikuwa mke wa Zubeiri, dereva wa malori ya jeshi, na nyumba yao ilikuwa Arua mjini, kwenye mtaa wa Wanubi. Vita vya Uganda na Tanzania vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978, Zubeiri alipelekwa kusini. Akamwacha mkewe chini ya uangalizi wa kaka yake, Hamuza.

Hamuza aliigeuza nyumba kuwa ghala lake. Akajaza magunia ya sukari na chumvi, vitu ambavyo watu walikuwa wakivitafuta bila kuvipata. Madirisha akayapigilia mbao, milango akaitia kufuli kwa nje. Alimfungulia Zulaika alfajiri na baada ya magharibi tu, aende chooni, naye akimngoja uani.

"Shemeji, mimi si mbuzi," Zulaika alimwambia.

"Mji iko mubaya," Hamuza akajibu. "Askari wanaingia popote. Kitu ikikupata, nitaambia Zubeiri nini?"

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake.

Alifungiwa pamoja na paka wake, jike la mistari. Mchana kutwa paka alilia mlangoni, kisha akakojolea gunia la sukari. Hamuza aliponusa, alimkamata shingoni amtupe nje.

"Mtupe," Zulaika akasema. "Panya wakibaki peke yao na sukari yako, utauza magunia matupu. Si umkatie tu mlango wake?"

Kesho yake akaja fundi Andama kwa baiskeli kutoka Logiri, na msumeno wake na keekee ya kutobolea. Hamuza aliketi kwenye kigoda akiwaangalia wote wawili.

"Mama, paka yako iko mukubwa namna gani?" Andama akauliza.

Zulaika alionyesha kwa mikono. Ilianza kwa upana wa paka, halafu, bila yeye kutaka, ikazidi kuachana.

Hamuza akacheka. "Hiyo ni paka ama chui?"

Andama hakucheka. Alichora kwa penseli tundu dogo chini ya mlango wa nyuma, akatoboa pembe zake, akakata. Kipande cha ubao kilipoanguka nje, mwanga uliingia ukalala sakafuni. Zulaika alipiga magoti akatoa mkono hadi kwenye kiwiko, akagusa udongo wenye joto.

"Rudisha mukono," Hamuza akasema.

Andama akatundika pazia la mpira wa tyubu, akafunga vyombo vyake na kuondoka.

Tangu hapo Zulaika alishinda amelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akitazama miguu ya kuku. Siku moja aliona miguu ya mtu.

"Zulaika?" Ilikuwa sauti ya jirani yake, Mariam Poni. "Nimefuata paka yako mupaka hapa. Wewe iko ndani? Hamuza alituambia ulienda Koboko kwa mama yako!"

Siku zote Zulaika alikuwa akijiuliza kwa nini hakuna aliyebisha hodi. Alilia huku amejiziba mdomo kwa shuka.

Mariam Poni akawa anampenyezea bamia na habari. Kisha akaleta bisibisi. "Bawaba ziko upande wako. Fungua, mulango itaanguka."

"Halafu niende wapi? Watasema nimetoroka ndoa. Zubeiri akirudi atanikuta wapi?" Akairudisha nje. Mariam Poni akaisukuma tena ndani, akaenda zake.

Mwezi wa Mei 1979, majeshi ya Tanzania yakikaribia, mji ulianza kukimbia. Hamuza alikuja na pikapu, akapakia magunia yote.

"Na mimi, shemeji?"

"Gari imejaa. Nitarudi kukuchukua."

Akatoka, na Zulaika akasikia kufuli ikibana. Hamuza alikuwa ameshaondoa kila kitu, ila yeye, na bado alifunga. Alikaa palepale sakafuni mpaka sauti ya gari ikapotea. Kisha akachukua bisibisi.

Skrubu zilikuwa na kutu. Alitia mafuta ya kupikia ya simsim, akazungusha kwa nguvu hadi kiganja kikachubuka. Bawaba ya pili ilipolegea, alimwita Mariam Poni, naye akavuta kutoka nje. Mlango uliangukia uani. Zulaika alipotoka jua lilimchoma macho, akamshika mwenzake bega kama kipofu. Paka alikuwa juu ya mabati; walimwita, hakushuka.

Walitembea na wengine hadi Koboko, wakakuta mama yake ameshakimbia, wakavuka mpaka na kuingia Sudan. Huko askari mmoja alisema lori la Zubeiri liliungua. Mwingine alisema alimwona akiwa hai. Zulaika alimwendea sheikhe amwulize kama sasa ni mjane.

"Hakuna shahidi wa kifo," sheikhe akasema. "Subiri, binti yangu."

Alirudi kwenye kibanda walichojenga na Mariam Poni, akaendelea kukaanga karanga za kuuza. Mwaka ulipokwisha alikwenda kuuliza tena, akaambiwa asubiri.