Aya ya Saba

Nilipopata barua ya kuitwa Kahama, mwenzangu mmoja wa ofisini Dar es Salaam aliniambia nimekula ng'ombe mzima, sasa nataka kushindwa na mkia. Alikuwa na haki ya kunitania. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja katika kampuni ile ya mawakili, mojawapo ya zile kubwa, na ilikuwa imebaki miezi sita nifanywe mbia. Ofisi iliyoniita Kahama ilikuwa na mawakili kumi na wanne tu, baadhi yao wakikaa Shinyanga na Geita. Haikuniahidi ubia. Ilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Sitaki kuisema vibaya kampuni kubwa, maana pale ndipo nilipofundwa. Mkuu wangu wa kazi alisoma kila mstari tulioandika, akakurudishia kurasa arobaini kwa sababu ya koma moja, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Ninachokijua kuhusu kujenga hoja nilikipata katika ghorofa ya tisa, nimevaa sweta mwezi wa kwanza kwa baridi ya kiyoyozi. Kosa langu pia nilikuwa nimelifanyia kwenye ghorofa hiyohiyo, mwaka mmoja kabla ya barua kuja.

Tulikuwa tunaitetea kampuni ya kutafuta dhahabu upande wa Geita. Bibi mmoja mjane alidai fidia ya ardhi yake yote. Kampuni ilikubali kulipia nyumba na mashamba, ikakataa kipande kimoja kikubwa cha nyasi. Mthamini alikuwa amekipiga picha mwezi wa tatu: nyasi zimefika kiunoni, hakuna nyayo za ng'ombe, hakuna dalili ya jembe. Nikaandika utetezi. Aya ya saba ilisema kwamba eneo hilo ni pori, halijaendelezwa wala halitumiwi na mtu yeyote. Niliipenda aya ile. Ilikuwa fupi na imenyooka.

Sasa, mimi ni Msukuma wa Kishapu, nimezaliwa kwenye kaya yenye ng'ombe. Na hakuna Msukuma, hata aliyezeekea kwenye kiyoyozi, asiyeijua ngitili. Ni malisho ambayo familia huyafunga mvua zinapoanza, asiingie hata mbuzi, ili nyasi zikue na zisubiri kiangazi. Mwezi wa tatu ngitili ni lazima ionekane kama pori. Ukiona nyayo za ng'ombe humo mwezi huo, ujue mwenyewe ni mvivu au ana majirani wabaya. Kwenye picha ya mthamini, pembeni kabisa, kulikuwa na mstari wa minyaa ya uzio iliyopandwa kwa mkono wa mtu. Niliuona ule mstari, nikaendelea kuandika.

Wakili wa yule bibi alikuwa mama wa miaka sitini kasoro, mfupi, mwenye mazoea ya kuvaa buti za mvua chini ya suti nyeusi. Kuanzia Kahama mpaka Geita watu walimwita Mama Wakili. Ndiye aliyeliomba baraza la ardhi liende kuliona eneo lenyewe, na akaomba safari iwe mwezi wa tisa. Nilidhani anatafuta kuchelewesha shauri.

Siku hiyo mimi na yeye tulimtangulia mwenyekiti wa baraza. Nilishuka garini na viatu vyangu vya mjini, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwangaluka," akaongeza salamu ya Kisukuma, kisha akaniangalia usoni. "Jina lako nimelisoma kwenye utetezi. Kwenu ni wapi?"

"Kishapu."

"Kishapu," alisema, akageuka kutazama mbele. Na mimi nikatazama. Ng'ombe wa yule bibi, kama thelathini hivi, walikuwa ndani ya minyaa wakila nyasi kavu zilizowafika tumboni. Nje ya minyaa, kila upande, ilikuwa vumbi tupu. Nilisikia uso wangu ukipata moto.

Akanivuta pembeni. "Mwanangu, mwenyekiti bado yuko njiani. Aya yako ya saba unaweza kuiondoa mwenyewe akifika. Sipendi kukusahihisha mbele za watu wa kwenu."

Nimepambana na mawakili wengi, wakiwemo wenye majina makubwa, na sijui hata mmoja ambaye angefanya hivyo. Ushindi ulikuwa mkononi mwake. Angeningoja niisome ile aya kwa sauti, halafu angenyoosha kidole kwa wale ng'ombe. Ningekuwa mimi, ningengoja. Nilimheshimu palepale, na nilimkasirikia pia, kwa sababu alikuwa sahihi.

Nilimpigia simu mkuu wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisiiguse ile aya mpaka mteja atoe idhini. Kwa kanuni za kazi yetu ulikuwa ushauri wa kawaida. Nikaushika, aya nikaiacha ilivyo.

Mwenyekiti alipofika aliifuata minyaa kwa miguu, akazunguka eneo lote. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wakili, kwa jina lako wewe ni wa huku. Hiki ni nini?"

"Ni ngitili, mheshimiwa," nilisema.

Yule bibi, aliyekuwa amesimama karibu na ng'ombe wake, aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akaenda kumrudisha ndama aliyekuwa anatoka. Mama Wakili aliinamisha macho akatazama buti zake. Hakutabasamu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Wiki chache baadaye ngitili iliingizwa kwenye fidia, shauri likaisha.

Niliporudi Dar es Salaam, mkuu wangu alinipa kiti na kahawa, akasema kosa halikuwa langu, lilikuwa la mthamini na picha zake. Alisema kwa nia njema, na ofisi nzima ikakubaliana naye. Hata mimi nilikubali, nikalala vizuri siku mbili tatu, kisha aya ile ikaanza kunirudia.

Ndiyo maana barua ya Kahama ilipofika, ikiwa na sahihi ya Mama Wakili, sikuitupa. Nilichukua likizo, nikaenda kukaa ofisini kwake siku mbili nione wanavyofanya kazi. Maktaba yao ilikuwa kabati moja. Umeme ulikatika mara tatu, na mashine ya kuchapia ilihitaji kupigwa ubavuni ndipo iamke. Lakini nyuma ya mlango wa mbele niliona buti za mvua zimepangwa mstari, jozi moja kwa kila wakili wa pale, zote zina udongo. Sheria ya ofisi ilikuwa moja: hakuna anayeandika neno juu ya ardhi ambayo hajaikanyaga.

Asubuhi walikaa pamoja kunywa chai kwa karanga na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, kila mmoja akieleza shauri lake. Wakili mmoja wa rika langu alieleza ugomvi wa wachimbaji wadogo waliogombea duara, yaani shimo lao la dhahabu, huko upande wa Bulyanhulu. Alieleza vizuri sana, ningejivunia hoja ile.

"Kwenye duara umefika?" Mama Wakili aliuliza.

"Nina ramani yake, mama."

Mama Wakili akalisukuma faili likarudi kwake, akaendelea kumenya karanga. Yule wakili hakubisha wala hakununa. Alimaliza chai, akachukua buti zake, akatoka kutafuta bodaboda. Nilitamani kuwa yeye. Nilishangaa kujikuta natamani hivyo, mtu mzima na ubia wangu mlangoni.

Hata hivyo sikuamua pale. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilijiambia, na mbachao wangu ulikuwa mzuri. Nilipanda basi kwenda Kishapu kumsalimia mama yangu. Nilimkuta uani anachambua choroko kwenye ungo. Nilikaa chini nikamsaidia, na nikamweleza yote: kampuni, barua, ubia, yule bibi, ile aya. Alikuwa hajawahi kuisikia habari ya aya.

"Uliandika kuwa ni pori?"

"Ndiyo, mama."

Nyuma ya nyumba ngitili yetu ilikuwa bado ipo, na minyaa aliyoipanda baba. Ng'ombe walionisomesha walivuka viangazi vyote humo.

"Na mwenyekiti ulimwambia ni nini?"

"Nilimwambia ni ngitili."

"Baada ya kukuuliza?"

Niliokota kijiwe kwenye choroko, nikakitupa.

"Baada ya kuniuliza," nilisema.

Mama hakunigombeza wala hakunifariji. Alipepeta choroko zake, akapuliza maganda, akaniachia jibu langu nilifikirie mwenyewe. Nilikaa nalo mpaka ungo ukaisha, kisha nikaenda kusimama kando ya minyaa, nikampigia Mama Wakili. Nilimwambia nakuja.

Hakunipongeza. Aliniuliza navaa buti namba ngapi.