Kombe Alilolisifu Hemed

Hemed, fundi wa vitanda pale Bondeni, Nakuru, alikuwa na mdomo. Jirani mmoja aliyepasuliwa busha, Hemed alimwita gunia la kushonwa, na sisi wengine tukacheka naye. Kwa hiyo mwaka 1971, yeye mwenyewe alipoanza kukojoa damu, hakuthubutu kutuambia. Alituaga kwamba anakwenda Mombasa kwa wajomba zake, kumbe alishukia hospitalini Nairobi.

Figo lake la kulia lilikuwa halifanyi kazi tangu utotoni, na la kushoto ndilo lililoota uvimbe. Daktari hakulitoa, maana kingebaki nini? Aliukata uvimbe peke yake, akashona sehemu yenye afya iliyobaki. Kisha akamwonya kwamba uvimbe wa namna hiyo hupenda kurudi, akiona damu tena aje mapema.

Alirudi amekonda. Tulipomuuliza, alisema amepona kwa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akayanywa. Hakudanganya yote, kwani mkewe Mastura alimnywesha kombe kabla ya safari. Habari ya kisu ndiyo aliyoimeza. Tena akatia chumvi, eti madaktari ni wa watu wasio na imani. Mastura aliinamia mchele wake akachambua.

Mwaka 1974 Gachanja, muuza makaa wa jirani, alimwendea faraghani. Naye alikuwa akikojoa damu, na kupasuliwa alikuogopa kuliko kufa.

"Mzee Hemed, hiyo dawa yako, hata sisi Wakristo tunaweza kunywa?"

Hapo ndipo pa kusema. Lakini Hemed aliona haya, na haya ikaushinda utu wake.

"Kunywa tu. Dua haina kabila."

Akamwandalia chupa nzima. Gachanja alikunywa kidogo kidogo mwaka mzima, akimshukuru kila walipokutana, hata Hemed akaanza kupita njia ya nyuma.

Mwaka uliofuata damu ya Hemed ikarudi. Alikwenda upesi, daktari akaukata uvimbe mara ya pili na figo likabaki. Alipoweza kutembea, alimkuta Gachanja katika wodi ya pili ya hospitali ile ile. Mkewe Wamaitha ndiye aliyemleta, kwa ugomvi, na walikuwa wameshaambiwa kwamba uvimbe umeenea, hakuna cha kukata.

Hemed alisimama kando ya kitanda akapandisha shati. Chini ya bandeji mpya lilichungulia kovu la zamani. Alituambia baadaye kwamba maisha yake yote hajaona aibu kama ile.

"Hili ni la kitambo?" Gachanja akauliza.

"La kitambo. Nilikuwa nalo siku ile uliponiuliza."

Gachanja alilitazama sana. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Iliuma sana?"

"Hapana, ndugu yangu. Ilivumilika."

"Basi hata mimi ningeweza," Gachanja akasema.