Neno Lililokuwa Kwenye Daftari Langu

Mdogo wangu ni daktari Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Ipuli, na mama yetu mwenye kisukari alikaa kwangu. Aliyemwogesha ni mimi, aliyemkorogea uji ni mimi. Lakini kliniki wakitamka neno gumu tu, mama ananigeukia: "Mpigie mdogo wako, yeye ndiye anayeelewa." Wivu uliniunguza, sioni haya kusema.

Nikanunua daftari. Nikawa nanakili maneno kutoka mabango ya kliniki. Kongosho: tezi iliyo nyuma ya tumbo, inayotengeneza insulini. Neva: nyuzi zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Siku mama aliposema miguu inakufa ganzi, nikamrukia: "Ni neva hizo, mama, sukari imeziharibu."

"Enhe! Hebu tumuulize mdogo wako kama ni kweli."

Loo! Nilitoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Ndiyo maana nilipomwosha miguu nikakuta kidonda katikati ya vidole, wala hakimuumi, sikumwambia mtu. Safari hii jibu litoke kwangu. Nikakiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga kitambaa, nikaanza kutafuta jina lake. Jina nililipata wiki ya pili. Nikalitunza hadi siku ya kliniki, nilitamke mbele ya daktari na mama asikie. Mdogo wangu akipiga simu namjibu, "Mama mzima kabisa, kazi njema."

Kabla siku hiyo haijafika, kidole kilikuwa cheusi na mama anatetemeka kwa homa. Nilimpakia kwenye bajaji hadi hospitali. Kesho yake mdogo wangu akafika.

Daktari wa wodi alipomaliza kuzungumza na mdogo wangu kando ya kitanda, mama akauliza, "Maana yake nini?" Alimtazama yeye, kama kawaida. Mdogo wangu akafungua mdomo, machozi yakamtangulia.

Nikajibu mimi. "Gangrini, mama. Nyama inakufa kwa kukosa damu. Kidole watakikata."

Mama alinishika mkono. "Kumbe na wewe unajua! Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Neno hilo nimeliandika kwenye daftari langu."

Akawageukia manesi, pamoja na ugonjwa wake, anatabasamu. "Mnamwona huyu? Fundi cherehani tu, lakini anajua."

Miaka yote nilikuwa nalisubiri hilo. Mdogo wangu akafuta macho, akanitazama.

"Dada," akaniuliza taratibu, "uliliandika lini?"