Kompyuta Zilizofia Stoo

Mwalimu Mwanamkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkuu wa shule moja ya msingi katika kijiji cha pwani cha Bweni, mwanamke mwoga wa lawama, na woga huo ndio uliomponza.

Wafadhili walileta kompyuta mpakato ndogo za watoto, zinazokula umeme kiduchu hata paneli ya sola ikatosha kuzichaji. Azhar, fundi wa Kilindoni aliyezifunga, aliwaambia walimu wasiwe na wasiwasi, zimeundwa zivumilie mchanga na mikono ya watoto. Mwanamkuu akaitikia kwa kichwa. Azhar alipoondoka tu, akazifungia stoo. Zikiharibika, ataulizwa nani?

Safia, binti wa darasa la sita, hakuchoka kumfuata.

"Shikamoo, mwalimu. Leo tutazitumia?"

"Marahaba. Wiki ijayo, mwanangu."

Wiki hiyo haikufika. Safia alimaliza la saba, hakufaulu, akaingia kwenye kilimo cha mwani na mama yake.

Kisha wafadhili wakapiga simu kwamba wanakuja kuona maendeleo. Mwanamkuu akafungua stoo. Hakuna hata moja iliyowaka. Akamwita Azhar, naye akazifungua moja moja.

"Watoto wamezichezea?" mwalimu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Hapana, mwalimu. Betri zimekufa kwa kukaa. Zingetumika, zingekuwa hai."

Mwanamkuu alijikalisha juu ya boksi tupu.

Alasiri ile akaenda kwa kina Safia. Alimkuta uani anaanika mwani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakudanganya."

Safia aliendelea kutandaza. "Mimi nilidhani unatuona wachafu. Nilikuwa nanawa mikono kabla ya kuja kukuuliza."

Mwalimu akatamani ardhi immeze.

Wafadhili walipofika, aliwaeleza ukweli wote, bila kumsingizia mtu. Azhar alifanikiwa kuwasha chache, zinazofanya kazi waya ukiwa umeunganishwa na paneli. Sasa watoto huzizunguka barazani wakisukumana, na Mwanamkuu huwafundisha mwenyewe. Safia alialikwa, alisema ataangalia. Hupita njiani na gunia la mwani kichwani, husema shikamoo kwa adabu, wala hasimami. Mwanamkuu huitikia marahaba, na kila mara humsindikiza kwa macho.