Bisibisi Iliyozuia Ndege

Binti yangu anastaafu, na mafundi wa karakana yake wameniganda niandike habari zake zisomwe siku ya kumuaga. Nimewaambia mimi naijua cherehani, kalamu inanikwaruza vidole. Wapi! Wamejazana sebuleni kwangu, wamekunywa chai yangu yote, mpaka nikakubali. Basi asinisahihishe mtu herufi. Mmeyataka wenyewe.

Huyu mnayemwita Mkuu alikulia chini ya meza ya cherehani. Mama yake, ndiye mimi, ila leo si zamu yangu, alikuwa na sheria moja: sindano ikipotea, nguo haitoki dukani, hata kama bwana harusi amesimama mlangoni anasubiri suruali. Mtoto ndiye aliyekuwa mtafutaji, anatambaa sakafuni na sumaku yake. Na tabia nyingine aliirithi bila kufundishwa: mama mtu akichoka kushika kitu, anakichomeka nyweleni.

Akasoma, akamaliza chuo cha ufundi, akaajiriwa kwenye karakana ya ndege za jeshi. Raia katikati ya magwanda! Sajini wa pale alimpokea kwa kumwita Mgeni.

"Mgeni, hii ni ndege, siyo baiskeli."

"Najua, afande. Ingekuwa baiskeli ningeshaondoka nayo."

Sajini akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Binti akapanda: leo magurudumu, kesho mabawa, baadaye injini, mwisho akawa mhandisi anayeongoza kikosi kizima cha mafundi. Lakini kiti cha mhandisi mkuu kilikuwa hakijawahi kukaliwa na raia.

Kiti kikawa wazi. Jenerali akasema atakuja kuitazama ndege moja kuukuu, iliyokuwa imelala bandani hadi panya wakaizoea, ambayo binti na wenzake waliifungua yote na kuifunga upya. Mambo yakienda sawa, kiti ni chake. Yakiharibika, kiti kinakwenda kwa kanali mmoja ambaye tayari alishakipima kwa macho.

Siku yenyewe mama yake alikalishwa mstari wa mbele, na kilemba kilichopigwa pasi mpaka kikakoma. Rubani yuko ndani, mikanda imefungwa. Sasa, karakana ile ina ubao ukutani. Kila spana, kila koleo, umbo lake limechorwa kwa rangi nyeupe, na ndege haisogei mpaka kila umbo lifunikwe na kifaa chake. Sajini akautazama ubao, akaganda. Umbo moja lilikuwa tupu. Bisibisi ndogo.

"Ndege haitoki," mhandisi akasema.

Jenerali akamsogelea. "Binti, wageni wanaiva juani."

"Wavumilie, afande. Kama imebaki kwenye nyaya za usukani, rubani wetu hatarudi."

"Unajua leo ni siku gani kwako?"

"Najua sana. Ndege haitoki."

Wakafungua vifuniko, wakamulika kwa tochi, wakakung'uta mifuko. Kanali akawa anaangalia saa kwa madaha, ili aonekane anaangalia saa. Mhandisi jasho linamtiririka, akainua mkono ajikune kichwa. Vidole vikagusa mpini wa plastiki.

Amenisimulia mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma ya gurudumu, hakuna aliyemwona. Angeidondosha tu, aisukume kwa kiatu, apige kelele "Nimeiona!" Kiti kingekuwa chake, yakaisha. Lakini akakumbuka nyumbani, jinsi mama yake alivyokuwa akitangaza kila sindano imepatikana wapi, hata ile iliyokuwa kwenye kilemba chake mwenyewe na mteja ameshanuna.

Akatoka mbele ya watu, akaichomoa. "Imepatikana. Ilikuwa kichwani mwangu. Niliiweka mimi."

Hata kanali alisahau saa yake. Sajini ndiye aliyeshindwa kujizuia: "Mhandisi, ubao wa vifaa ni ule wa ukutani, siyo huo!"

Banda zima likaangua kicheko. Mama mtu akasimama, "Nywele hizo amerithi kwangu! Msimlaumu!"

Jenerali hakucheka. "Ungeweza kusema ilikuwa sakafuni."

"Ningeweza, afande. Kesho fundi mwingine naye angesema sakafuni, na ipo siku sakafuni pasingekuwa na kitu."

Jenerali akaichukua ile bisibisi, akaenda mwenyewe kuipachika ubaoni. Akageuka. "Mhandisi mkuu, toa ndege yako." Hapo ndipo alipocheka.

Ikatoka, ikanguruma, ikapanda juu kama haijawahi kulala na panya. Mama yake alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni, na hajaona aibu hadi leo.

Tangu siku ile, karakana hiyo haitoi ndege kabla kila mtu hajajipapasa kichwa, mkubwa kwa mdogo, hata wenye vipara. Wageni hudhani ni saluti.

Nimemaliza. Sasa zamu yenu. Tangu mlipotoka sebuleni kwangu, mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi siuoni. Wewe unayesoma hapo mbele, usikae. Wasimamishe wote, wajipapase vichwa na mifuko, na keki isikatwe mpaka mkasi upatikane. Wala msiniambie nitazame nyweleni. Nimeshatazama.