Bahasha ya Kaki Niliyoipeleka Mwenyewe

Miaka hiyo nilifanya kibarua katika saiba moja ya Ngara, nikiwafungulia watu intaneti, na nilijiona mjuaji kweli kweli. Siku moja, nikitazama matokeo yangu kwenye tovuti ya chuo nilichosomea, nilibadilisha tarakimu moja ya namba yangu ya mtihani. Yakatokea matokeo ya mtu mwingine. Nikabadilisha tena na tena, mpaka nikachapisha kurasa arobaini za watu nisiowajua.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa natafuta kazi, nikadhani chuo kitaniajiri nikikionyesha kasoro ya tovuti yake, na sisi watafuta kazi wa Nairobi tulikuwa na dawa moja tu, bahasha ya kaki. Nikatia humo zile kurasa, barua ya kuomba kazi, vyeti na nakala ya kitambulisho, nikatembea hadi ofisi za chuo katikati ya jiji. Mshukiwa gani hujipeleka mwenyewe na kitambulisho chake? Mimi hapa.

Mama aliyesimamia kompyuta za chuo alisoma barua, akainuka, akafunga mlango.

"Kijana, unajua hii inasomeka aje? Ni kama unasema, 'Nimeona siri zenu, nipeni kazi.' Polisi wakiisoma, unalala ndani."

"Lakini madam, ilikuwa wazi tu. Sijavunja kitu."

"Yako ulikuwa na haki ya kuona. Hizi zingine nani alikuruhusu?"

Nilimfikiria mamangu kule Waithaka akiletewa habari kwamba niko korokoroni.

Akapekua zile kurasa. Kwenye moja akaacha kupekua, akafuata jina kwa kidole.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Aliniambia amepita."

Nilijua nimekwisha. Badala yake alinisukumia karatasi tupu, akaniamuru niandike upya: kasoro iko wapi, niliionaje, nilifungua kurasa ngapi, bila kuomba chochote. Akaigonga muhuri. Barua ya kuomba kazi akanirudishia.

Siku hizi nalipwa kupima usalama wa mifumo ya watu, na sigusi kitu kabla ya ruhusa iliyotiwa sahihi. Kila nikiipokea namshukuru mama yule kwa moyo wote. Siku ile, nikitoka, pale mlangoni nilimwomba msamaha kwa yale ya binti yake.

"Mimi niko na ufunguo wa matokeo yote humu," alisema bila kuniangalia. "Yake sikufungua. Nilitaka aniambie mwenyewe."