Nilivyomwambia kwa Kiswahili

Mdogo wangu alifariki hospitalini Vwawa, masika yale barabara ya Ivuna ilipokatika. Tulimzika kwetu Msangano. Mwanawe wa pekee, binti wa miaka saba, hakufika mazikoni. Alikuwa Ivuna kwa bibi yake mzaa baba, ng'ambo ya maji. Baba yake alishavuka mpaka siku nyingi kutafuta maisha Zambia, wala hakuwahi kurudi.

Maji yalipopungua nilikwenda kumchukua nimlee mimi. Bibi yake alinivuta nyuma ya nyumba.

"Sijamwambia," alisema. "Nimejaribu nimeshindwa. Wewe ndiye mama yake sasa. Mwambie wewe."

Nilimwambia siku ya kuondoka, tumekaa juu ya magunia ya chumvi tukisubiri gari. Nilimwambia kwa Kiswahili. Miaka mingi nilikuwa Tunduma nikiuza vitenge, kwa Kiswahili na kwa Kibemba cha sokoni nilichojifunza kwa wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kinamwanga changu, lugha ya kwetu, kilibaki cha kusalimia wazee msibani. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Kinamwanga kingenilazimisha kulitaja jambo lenyewe, na Kiswahili kilinipa pa kujificha.

"Mwanangu," nilisema, "mama yako ametangulia."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Nikawaza, huyu ana moyo mgumu kama mama yake. Gari likaja, tukapanda kwenda Tunduma.

Nilimwandikisha shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, si mbali na mpaka. Niliona nampa kilicho bora. Watoto wa pale walifundishwa kwa Kiingereza, wakakaripiwa kwa Kiswahili, na kengele ya mapumziko ikilia walicheza kwa Kibemba, maana wengi walitoka Nakonde. Kinamwanga hukukisikia. Wenye asili hiyo waliozaliwa mjini walibaki na majina ya ukoo tu. Mwalimu mkuu alinishauri kwa nia njema kabisa: "Mama, na nyumbani msimchanganye. Kiingereza na Kiswahili tu, atazoea upesi."

Nilitii kupita alivyoniagiza. Mtoto akinisemesha Kinamwanga nilijifanya sikusikia, nikaendelea kukunja vitenge mpaka ajaribu kwa Kiswahili. Baada ya wiki mbili aliacha kunisemesha.

Muhula ulipofika katikati, mwalimu wa darasa la kwanza aliniita. Alikuwa binti mdogo, mpole, na nilimwona anatafuta pa kuanzia.

"Mama, masikio ya mtoto umewahi kuyapima?"

"Kwa nini?"

"Hajawahi kunijibu hata neno moja. Nilimweka dirishani, nikaona hatazami ubao, anatazama geti. Nikamhamishia mbele. Sasa anageuka nyuma kutazama geti."

Nilimpeleka kupimwa. Mpimaji alisimama nyuma yake akanong'ona, na mtoto akageuza kichwa. Masikio yalikuwa mazima. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza, kwamba ananiaibisha, kwamba wenzake wa umri wake wanasoma kadi za Krismasi peke yao. Alitembea hatua mbili nyuma yangu. Mkono wake hakunipa.

Siku chache baadaye nilikwenda shuleni kupeleka sweta alilosahau. Ulikuwa muda wa uji. Uwanjani sikumwona. Mpishi wa shule, mama mtu mzima, alinionyesha kwa mwiko kwamba nizunguke upande wa jikoni.

"Wewe ndiye mama mkubwa wake?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema haongei."

"Haongei."

"Huyu anaongea sana," alisema, akashusha sauti. "Mimi ni wa Msangano. Kila mapumziko anakuja hapa kwangu tunaongea Kinamwanga. Usinisemee kwa mwalimu mkuu. Lakini kuna jambo linaninyima raha. Kila siku ananiuliza kama nimemwona mama yake akipita. Anasema mama alitangulia kuja Tunduma, wewe ukamleta ili amfuate. Anashangaa mbona hafiki kumchukua."

Nilikaa chini kwenye kuni. Mtoto alikuwa mlangoni na kikombe chake cha uji, ananitazama kwa woga, akidhani nimekuja kumgombeza kwa kuwa jikoni. Miezi mitatu alikuwa amekaa darasani akimngoja mtu niliyesaidia kumwosha na kumvika kwa mikono yangu. Wanawake wote waliopita pale getini, alikuwa amewakagua mmoja mmoja.

"Nisaidie maneno," nilimwambia mpishi.

"Maneno unayo," alijibu. "Ulichokosa si maneno."

Nikamwita mtoto, nikamkalisha mbele yangu, nikasema kwa Kinamwanga. Nilikosea kosea kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwambia mama yake alikufa. Nilimwambia tumemzika Msangano, na kwamba hatakuja getini, si leo wala siku nyingine.

"Alikufa lini?" aliuliza.

"Kabla sijaja kukuchukua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilitaka kusema nilikuambia. Neno lilifika mdomoni nikalimeza. "Nilikosea," nikasema. "Nilikuambia vibaya."

Kikombe kilimponyoka. Alilia kwa sauti ambayo shule ile haikujua kuwa anayo. Mwalimu mkuu alikuja mbio, akatukuta wanawake wawili tunamshika mtoto, tunambembeleza kwa lugha aliyoshauri tuiache. Kisha akauvuta mlango wa jikoni, akaufunga taratibu, akabaki nje kuwazuia watoto wasichungulie.

Mambo hayakunyooka siku ile. Kwa wiki nzima mtoto hakutaka nimguse. Nyumbani nilirudi kwenye Kinamwanga, naye alinisahihisha kwa ukali, bila kucheka, kama mtu anayedai haki yake. Shuleni neno lake la kwanza lilikuwa la kuomba ruhusa ya kutoka, kwa Kiingereza kilichonyooka, mwalimu akashindwa kuficha mshangao wake. Alitoka, akaenda jikoni kulia, akarudi kukaa mahali pake. Alifanya hivyo mara nyingi muhula ule, na mwalimu hakumnyima ruhusa hata mara moja. Mwaka uliofuata alirudia darasa la kwanza. Nilipomweleza, alisema ni sawa, maana mwaka ule wa kwanza hakuwa amesoma.

Likizo ilipofika nilimpeleka Msangano. Kaburi lilikuwa limeota majani, tukayang'oa pamoja. Tulipomaliza aliniomba nisogee pembeni. Nilisogea mpaka kwenye mahindi ya jirani. Aliongea na mama yake kwa muda mrefu, ameinama, mikono imejaa udongo. Sikusikia aliyoyasema, na sijamuuliza mpaka leo. Aliporudi aliomba maji ya kunawa, nikammiminia, tukateremka kwa wajomba zake, ambako walikuwa wametutengea chakula.